Kaunta ya elektroniki uwanja wa ndege: uliza saa kabla ya bei

Mteja wa uwanja wa ndege hana muda. Kabla hujamwonyesha chochote, muulize anaenda wapi na anapanda saa ngapi. Akiwa amebakiwa na dakika kumi, usimfungulie boksi la hedifoni. Mpe chaja, mpe risiti, aende.

Kinacholeta kesi nyingi ni pawabenki. Kikomo cha kawaida ndani ya ndege ni Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri), lakini boksi hutangaza mAh (miliampia-saa, kipimo cha chaji) kwa maandishi makubwa. Piga hesabu: mAh mara volti 3.7, gawa kwa 1,000. Ya mAh 20,000 inatoa Wh 74, inapita. Ya 30,000 inafika 111, na hiyo inahitaji kibali cha shirika la ndege, usimuuzie ukanyamaza. Mwambie pia aibebe mkononi. Betri ya lithiamu ikishika moto kwenye shehena, hakuna wa kuifikia haraka.

Adapta nayo ina mtego wake: inabadilisha umbo la plagi tu, volti haiigusi. Anayekwenda Uingereza anahitaji pini tatu bapa, na umeme wa kule ni volti 230. Geuza chaja yake, usome yale maandishi madogo yanayochosha macho. Ikiandikwa 100–240V, haina shida. Kikaushia nywele cha Marekani chenye 120V pekee kitaungua, na mwenyewe atakuwa keshafika mbali, hawezi kukirudisha.

Kebo ijaribu pale pale kaunta, kwenye simu yake. Sekunde tano zinatosha.