Netflix, Prime Video na Canal+ hapa Lubumbashi: mega zinakula kuliko abonema

Watu wanauliza kila mara: kati ya Netflix na Prime Video, ipi ni ya bei nafuu? Kwa anayeishi Lubumbashi, swali hilo linaanzia mahali pasipofaa. Abonema unailipa mara moja kwa mwezi, lakini mega, yaani data ya intaneti, unazinunua kila wiki, na wengine kila siku. Mtu anahangaika kuokoa dola 2 kwenye abonema, kisha anapoteza dola 20 kwa sababu programu imekaa kwenye ubora wa juu bila yeye kujua. Kwa hiyo tuanze na mega, majina ya huduma yatafuata.

Kuna hesabu moja inayofaa kwa video yoyote. Picha inayopita kwa megabiti 1 kwa sekunde inakula mega 450 kwa saa. Kwa megabiti 2 ni mega 900, kwa megabiti 5 ni giga 2 na robo. Mechi ya mpira pamoja na mapumziko inakaribia saa 2, kwa hiyo ukiitazama kwa megabiti 2, giga 1.8 zimeondoka, na hujahesabu mahojiano ya baadaye.

Netflix inatoa vipimo vyake: ubora wa chini hadi giga 0.3 kwa saa, wa kati hadi 0.7, wa juu hadi giga 3 kwa picha ya HD na giga 7 kwa 4K, ile picha kali kuliko zote. Chukua nyumba inayotazama saa 2 kila jioni, yaani saa 60 kwa mwezi. Kwa ubora wa chini ni giga 18. Kwa wa kati ni 42. Kwa HD ni 180, na kwa 4K ni 420. Sasa chukua bei ya giga 1 katika forfe (kifurushi cha intaneti) unayonunua wewe, uizidishe. Ukishaona jibu, tofauti ya bei kati ya Netflix na Prime Video haitakusumbua tena.

Kwenye simu mambo ni mepesi zaidi. Ndani ya programu ya Netflix, fungua mipangilio ya programu, tafuta matumizi ya data ya simu, uondoe hali ya kujiamulia yenyewe. Hali hiyo inakupa takribani saa 4 kwa giga 1. Ukichagua kuokoa data, unapata takribani saa 6 kwa giga 1. Ile hali ya matumizi ya juu kabisa usiiguse: giga 1 inaweza kuisha kwa dakika 20, au chini ya hapo.

Kosa linalomaliza forfe za watu wengi zaidi ni hili. Baba ana giga kwenye simu yake, anawasha hotspot, na watoto wanaunganisha tableti au TV. Tableti haioni forfe ya baba. Inaona wifi. Na kwa programu nyingi, wifi maana yake ni konesio isiyoisha, kwa hiyo ule mpangilio wa kuokoa data ya simu haufanyi kazi hata kidogo. Video inapanda hadi ubora wote ambao konesio inaruhusu. Wakati huohuo simu au tableti inayopokea inaanza kusasisha programu zake, inapandisha picha za WhatsApp kwenye hifadhi ya mtandaoni, na Netflix yenyewe inashusha sehemu inayofuata ya tamthilia kwa sababu ule ushushaji wa kujiendesha umewashwa. Giga 10 zinaweza kuisha jioni moja, halafu opereta ndiye anayeitwa mwizi.

Dawa yake iko sehemu tatu, na ukiacha moja mwanya unabaki. Kwanza, ingia kwenye akaunti ya Netflix kwa kutumia kivinjari, si programu, ufungue profaili ya kila mtu, na kwenye mipangilio ya uchezaji uchague matumizi ya data ya chini au ya kati. Mpangilio huu ndio unaofuata profaili hadi kwenye TV na kwenye wifi. Profaili zikiwa nne, fanya mara nne. Mabadiliko yanaweza kuchelewa. Ukiona picha bado iko vilevile, ondoka kwenye akaunti katika TV kisha ingia tena. Ukiwa kwenye ukurasa huohuo, zima uchezaji wa sehemu inayofuata bila kuulizwa pamoja na vionjo vinavyocheza vyenyewe unapopitia orodha. Pili, kwenye simu au tableti inayopokea, bonyeza jina la wifi ile na uiweke kama mtandao wenye kipimo. Hapo duka la programu litaacha kusasisha vitu nyuma yako. Tatu, zima ushushaji wa kujiendesha ndani ya Netflix. Baadhi ya simu pia zinakuruhusu kuweka kikomo cha hotspot, kwa mfano giga 1, kisha inajikata. Kama simu yako inayo nafasi hiyo, itumie.

Kuhusu ubora wa picha, watu wengi wanalipia kitu ambacho kioo chao hakiwezi kuonyesha. TV nyingi za inchi 32 zinazouzwa mjini zina kioo cha nukta 1366 kwa 768. Hiyo ni 720p (mistari 720 ya picha) na kidogo juu yake. Kuilipia 4K ni kama kununua maji kwa pipa ilhali una kikombe. Kwenye simu ya inchi 6 na nusu, 480p inatosha kabisa kwa tamthilia na katuni. Mahali ambapo 480p inakosa ni picha za giza: usiku, moshi, chumba chenye mshumaa mmoja. Tazama kwenye ukuta ulio nyuma ya mwigizaji. Ukiona vibokisi vinavyocheza au mistari kama ngazi badala ya kivuli laini, hapo ndipo mega zilipookolewa. Kama unapenda filamu za aina hiyo, panda hadi ubora wa kati kwa filamu hiyo tu, kisha rudi chini.

Netflix ina mipango minne katika nchi nyingi: wa simu wenye 480p, wa msingi wenye 720p, wa kawaida wenye 1080p na skrini 2, na wa juu wenye 4K na skrini 4. Mpango wa simu unafanya kazi kwenye simu na tableti tu. Hauonyeshi kwenye TV, na huwezi kuirushia TV picha kutoka kwenye simu. Anayenunua mpango huo kwa ajili ya sebule atajuta siku hiyohiyo. Kwa mwanafunzi wa hapa mwenye simu moja, huo ndio ninaousifu, kwa kuwa mpango wenyewe unamzuia asipande juu ya 480p.

Kabla ya kulipia mpango wowote wa HD, angalia kama kifaa chako kina ruhusa ya kuonyesha HD. Fungua Netflix, mipangilio ya programu, kisha sifa za uchezaji. Utaona neno Widevine, ulinzi wa filamu zisinakiliwe, likifuatwa na L1 au L3. L3 maana yake utabaki kwenye 480p hata ukilipia mpango wa juu kabisa. Hata L1 si hakikisho la mwisho, kwa hiyo soma mstari wa chini yake unaotaja ubora wa juu unaoruhusiwa. Simu iliyofunguliwa mfumo wake ili kubadilishiwa programu inaweza kushuka kutoka L1 hadi L3. Vile visanduku vya bei ndogo vya kugeuza TV ya kawaida kuwa ya kisasa vina tatizo hilohilo: vingi vina Netflix ya simu ndani, telekomande haikubali, na picha haivuki 480p. Mwambie muuzaji afungue ukurasa huo mbele yako dukani. Akikataa, acha kisanduku hapo.

Nguvu za konesio zipime kwa fast.com, ukurasa wa Netflix wenyewe, kwa sababu unapima njia kati yako na seva zao. Netflix inapendekeza megabiti 3 kwa 720p, 5 kwa 1080p na 15 kwa 4K. Pima saa 4 asubuhi, saa 2 usiku na saa 6 usiku. Kipimo cha saa 2 usiku ndicho kinachokuhusu, kwa maana ndipo mji mzima uko mtandaoni. Usipime mara kumi, maana kipimo nacho kinakula: sekunde 15 kwa megabiti 20 ni karibu mega 38.

Kwangu mimi, thamani ya huduma hapa inaamuliwa na jinsi inavyokuruhusu kushusha filamu na kuzihifadhi. Opereta akikuuzia forfe ya usiku ya bei ndogo, unashusha watu wakiwa wamelala na kutazama jioni bila konesio, hata umeme ukikatika na ruta ikizima. Chagua ubora wa kawaida wa ushushaji, acha simu kwenye chaji, na uiondoe Netflix kwenye orodha ya programu zinazobanwa ili kuokoa betri. Usipofanya hivyo, simu ikilala ushushaji unalala nayo, unaamka umepata sehemu moja kati ya sita. Netflix inaruhusu ushushaji kwenye kifaa 1 kwa mpango wa simu na wa msingi, vifaa 2 kwa wa kawaida, 6 kwa wa juu. Filamu nyingine zinaisha muda saa 48 baada ya kubonyeza kucheza mara ya kwanza, nyingine zinakaa siku 7. Kwa hiyo usifungue filamu kujaribu tu kama imeshuka vizuri. Ukishaifungua, saa imeanza kuhesabu.

Prime Video haigawi abonema kwa ngazi za ubora kama Netflix. Unalipa bei moja, na skrini 3 zinaweza kutazama kwa wakati mmoja. Kwa nyumba yenye watu wengi na TV nzuri, hiyo ni thamani kubwa. Filamu uliyoshusha kwa kawaida unapewa siku 30 za kuianza na saa 48 za kuimaliza. Udhaifu wake kwetu ni Kifaransa: filamu nyingi utazikuta kwa Kiingereza, na sauti au maandishi ya Kifaransa hayapo kila mahali. Mwezi wa kwanza, kabla ya kuzoea, fungua filamu kumi unazozitaka na uangalie lugha zake. Kama mama na bibi hawatafuata mazungumzo, abonema hiyo ni ya mtu mmoja tu nyumbani.

TV5MONDEplus watu wanaisahau, nayo ni ya bure. Ilizinduliwa Septemba 2020, ina filamu na tamthilia kwa Kifaransa, za Kiafrika zikiwemo, na haihitaji kadi ya benki. Anza nayo kabla ya kulipa popote.

Kwa mpira wa moja kwa moja, dishi bado linashinda. Mechi haishushwi usiku, lazima itazamwe sasa, na kwa intaneti kila goli unalilipia mega. Canal+ kwa setilaiti haili mega hata moja, na mwenye abonema anaweza pia kutumia programu yake kwenye simu. Tangu Septemba 2025 Canal+ ndiyo inayomiliki MultiChoice, kampuni ya DStv. Adui wa dishi ni mvua ya Novemba hadi Machi. Picha ikikatika dhoruba ikiwa juu, subiri ipite. Lakini ikikatika siku ya jua, fungua ukurasa wa ishara kwenye dekoda: nguvu ikiwa nzuri na ubora mbaya, dishi limesogea, vyote vikiwa chini, angalia kiungo cha waya nyuma ya kichwa cha dishi. Mara nyingi maji yameingia na shaba imeota kijani. Kata sentimeta chache za waya, weka kiungo kipya, zungushia mpira wa kuziba maji, na uache waya uning'inie kidogo chini ya kiungo ili maji yadondoke hapo.

Hesabu yote hii inageuka kwa mwenye konesio isiyo na kipimo. Fiba ikifika mtaani kwako, au ukitumia Starlink, intaneti ya setilaiti ambayo ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, iliipa kibali Mei 2025 baada ya kuikataza Machi 2024, basi linganisha abonema kwa abonema na uchague kwa filamu zenyewe.

Malipo sasa. Huduma hizi zinataka kadi ya Visa au Mastercard inayokubali malipo ya mtandaoni ya nje. Kadi ya kujaza kabla inatosha, lakini uliza gharama tatu: ya kuitoa, ya kila mwezi, na ya kila malipo. Jaza dola 1 au 2 zaidi ya bei, kwa sababu huduma inaweza kuzuia kiasi kidogo kwa muda ili kuhakiki kadi, na salio likipungua hata senti, malipo yote yanakataliwa. Profaili zinazouzwa kwenye WhatsApp kwa nusu bei ziache: akaunti ni ya mtu mwingine, siku akibadilisha neno la siri umepoteza hela. Na Netflix inataka akaunti iwe ya watu wa nyumba moja. Kugawana kati ya komini mbili za mji, Katuba na Ruashi, kunaweza kuifungia TV ya pili.

Ukishalipa, futa abonema siku ileile. Utaendelea kutazama hadi mwezi uishe, na kadi haitakatwa tena bila wewe kujua. Mwezi unaofuata lipia huduma nyingine, kisha urudi. Netflix inahifadhi orodha ya ulivyotazama kwa miezi 10, kwa hiyo ukiacha tamthilia kwenye sehemu ya 4 mwezi Machi, mwezi Julai utaikuta kwenye sehemu ya 4.