Wi-Fi ya meshi kwa nyumba kubwa: anza na nodi zinavyowasiliana

Wi-Fi ya meshi ni vifaa kadhaa, viitwavyo nodi, vinavyotawanywa nyumbani kusambaza mtandao mmoja. Kabla hujanunua, chomeka kompyuta kwa kebo kwenye ruta uliyonayo upime kasi. Kama hata hapo intaneti inakokota, tatizo liko kwenye laini na meshi haitalitibu.

Ukubwa wa eneo ulioandikwa kwenye boksi usikushawishi. Ukuta wa zege lenye nondo, tangi la maji, hata kioo kikubwa cha kujitazamia, hudhoofisha mawimbi vibaya. Bendi (masafa ya mawimbi) ya 5 GHz hupenya kwa shida kuliko 2.4 GHz, na 6 GHz kwa shida zaidi.

Cha kuuliza ni hiki: nodi zinarudishaje data kwenye ruta kuu? Nodi nyingi za bendi 2 (2.4 na 5 GHz) hutumia redio ileile ya 5 GHz kuhudumia simu yako na kuwasiliana na nodi nyingine. Redio hiyo hupokezana kazi, kwa hiyo kila data inaporuka nodi moja kasi hukaribia kukatika nusu. Mbps 400 zikipita nodi mbili zilizofuatana, mwisho unaweza kubaki na 100. Mfumo wa bendi 3 wenye redio maalumu ya mawasiliano ya nodi hupunguza hasara hiyo, ila kebo inashinda zote. Kebo ya mtandao aina ya Cat5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na kwa nyumba ya ghorofa ningevuta waya hata mmoja tu kabla ya kuongeza nodi. Ukiona kasi imeganda karibu na Mbps 94, kagua kebo na tundu: gigabiti inahitaji jozi zote 4 za nyaya, na ukikatika waya mmoja tu unaweza kuangukia Mbps 100.

Nodi isiwekwe ndani ya chumba kisicho na mtandao; itakuwa inagawa kile isichopata. Iweke katikati ya njia, panaposomeka takribani -65 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi; ikikaribia 0 ni nzuri zaidi), juu ya rafu, si nyuma ya televisheni. Kila nodi ikiweza kufikia ruta kuu moja kwa moja, usizipange msururu. Wala usizirundike: zikikaribiana mno, simu hung'ang'ania ya mbali huku ya karibu ikiwa wazi.

Ruta ya mtoa huduma ikiachwa kama ilivyo, utakuwa na ruta mbili zinazotafsiri anwani, na michezo ya mtandaoni au kamera huanza kusumbua. Iweke ruta hiyo kwenye hali ya daraja (bridge mode), ipitishe intaneti tu na kazi ya ruta ifanywe na meshi. Isipokubali, iweke meshi kwenye hali ya kituo cha Wi-Fi tu (access point mode).