Siku Tuliyoingia Harusini Kinyumenyume

Mke wangu alikuwa akiliita gari langu mke mwenza, na hakuwa anatania sana. Kila Jumapili nililala chini yake kwenye mkeka mkuukuu, jioni nikatoka nanuka oili, na nusu ya faida yangu ya machungwa ikaishia kwake.

Lilikuwa Land Rover 109, Series III, la petroli. Nililinunua mwaka 1999 Tanga mjini, kwenye mnada wa magari chakavu, kwa shilingi milioni moja na laki mbili. Mimi ni mtu wa Muheza, biashara yangu machungwa na mboga, na nilichoka kukodi magari ya watu kupandisha na kushusha mizigo Lushoto. Nililizunguka mara tatu pale mnadani, nikapapasa bodi, sikuona kutu hata chembe. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba bodi ya magari hayo ni ya alumini. Walipoanza kuyaunda Uingereza mwaka 1948 chuma kilikuwa adimu kwa sababu ya vita, wakatumia walichokuwa nacho. Kutu iko chini, kwenye chasisi, ambako mimi sikuinama.

Aliyekuwa nalo kabla yangu alikuwa fundi wa waya na mipira. Mlango wa dereva ulifungwa kwa mpira wa baiskeli. Ekzosi ilining'inia kwa waya wa uzio. Betri ilikuwa ya kuombea dua, kwa hiyo mara nyingi tuliliwasha kwa hendeli, na hendeli ile ilipenda kurudi kwa ghafla; mpaka leo kidole gumba changu cha kulia hakikunji vizuri. Popote nilipoegesha niliacha doa la oili. Majirani walikuwa wanajua nililala wapi.

Sasa, Januari 2001, wiki kama mbili baada ya Idi, shemeji yangu mdogo alikuwa anaolewa kijijini kwao, huko juu, njia ya kwenda Mtae. Nikapewa kazi. Hakuna aliyeniomba, nilipewa tu, kwa kuwa mimi ndiye mkwe mwenye gari. Jumamosi nichukue mzigo Mombo: magunia mawili ya mchele, madumu ya mafuta ya kupikia, vitunguu, viungo, na masufuria manne makubwa ya kukodi. Nichukue na shangazi wawili wa bibi harusi. Na nimchukue baba mkwe mwenyewe, aliyekuwa ametelemka kusimamia ununuzi. Nikaha ni Jumapili adhuhuri, na wapishi wa pilau waanze kabla ya alfajiri. Mzigo ukichelewa, hakuna harusi, kuna aibu.

Baba mkwe nilikuwa nimeshamjua miaka minne na sidhani kama tulikuwa tumezungumza dakika arobaini jumla. Nikienda kwao namwamkia kwa kuinama, nakaa kwenye kiti cha mbali, naulizwa habari za Muheza, najibu nzuri, tunanyamaza. Nilimjua kama mzee wa kofia na shamba la maharage. Siku ile alipanda mbele na koti lake jeusi, akaweka bakora katikati ya magoti, akasema, "Bismillahi," basi.

Mombo ni joto la tanuri, na barabara ikianza kupanda kuelekea Soni haikupi nafasi ya kupumua: kona juu ya kona, mlima mkono mmoja, bonde mkono mwingine. Kabla ya kufika Soni injini ilikohoa mara mbili ikazima. Nilijua dawa yake, ni kusubiri. Nikafungua boneti nikasimama pale kama mtu anayefikiri. Baba mkwe akashuka, akachukua kitambaa cha mmoja wa shangazi, akakilowesha maji ya dumu, akaniambia, "Weka juu ya pampu. Petroli imegeuka mvuke." Tukaliwasha, likawaka. Nilidhani ni jambo alilolisikia kwa watu.

Lushoto tulipita Alasiri. Mbele yake lami ikaisha na udongo mwekundu ukaanza. Mvua ilikuwa imenyesha usiku uliotangulia, na udongo wa Usambara ukilowa ni sabuni. Hapa lazima niungame kitu. Ndani ya gari lile, mbele ya gia ya kawaida, kulikuwa na vitu viwili vifupi vya kushika: kimoja kirungu cha njano, kingine chekundu. Ndivyo vya fowili, yaani kufanya magurudumu yote manne yavute. Aliyeniuzia alinionya nisivichezee maana vinakula mafuta, nami kwa mwaka mzima na nusu nilikuwa nimeendesha Land Rover kama teksi, magurudumu mawili tu ya nyuma. Nilijivunia hata hivyo kwamba nina fowili.

Kijiji kilikuwa kimebaki kama kilomita tatu tulipofika mpando mmoja mbaya, mwembamba, mifereji ya maji imechimba katikati. Nikachukua gia ya kwanza, nikakanyaga, nikaachia klachi kwa hasira. Kule nyuma, chini, kikalia kitu *kah!* kama mtu amevunja kuni kavu kwa goti. Injini ikanguruma peke yake. Gari likasimama, likawaza, likaanza kurudi nyuma.

Nikavuta hendibreki mpaka mwisho. Hamna kitu. Gari linazidi kurudi. Breki ya mguu nilikuwa naipiga mara tatu ndipo ishike, na mguu wangu ulikuwa umesahau kuhesabu. Nyuma yetu ni kona, na chini ya kona ni migomba ya watu, mbali sana. Shangazi mmoja akaanza shahada. Utingo alikuwa ameruka akihangaika na jiwe lililozama kwenye tope. Ndipo mkono ukapita mbele ya kifua changu, mkono wa mzee, ukashindilia kile kirungu cha njano chini kwa kiganja. Gari likagutuka, injini ikazima, tukasimama.

"Sasa vuta hendibreki," baba mkwe alisema. Nikavuta. Ikashika.

Alinieleza akiwa anavua koti, analikunja, anamkabidhi shangazi. Hendibreki ya gari hili haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka kwenye gia kwenda nyuma. Saidi shafti, ile inayozungusha gurudumu, ikikatika kule kwenye ekseli, unavuta breki ya kitu ambacho hakijafungwa popote. Ukiingiza fowili, gia inashikana na magurudumu ya mbele, na hendibreki inapata kazi. Alisema hayo kwa sauti ileile anayoulizia habari za Muheza. Halafu akachuchumaa topeni, akapiga magoti kando ya gurudumu la nyuma, akanyoosha mkono. "Spana."

Sijui niseme nini kuhusu kumwona baba mkwe wako amepiga magoti kwenye tope na kofia yake ya kufuma. Nilishindwa hata kumwangalia. "Namba ngapi, baba?" nikamuuliza. "Lete zote."

Alianza na upande wa kushoto. Bolti sita pale kwenye hobu, akazifungua, akavuta, ikatoka saidi shafti ndefu nzima, haina jeraha. Akaitazama, akairudisha, akafunga tena bolti zote sita bila neno. Ya kulia ilitoka kipande. Akaifuta kwa majani ya mgomba, akaniletea karibu na tochi, maana giza lilikuwa limeingia. Palipokatika palikuwa na rangi mbili. Sehemu moja ilikuwa nyeusi, imechakaa, ina ukungu wa oili. Iliyobaki, pungufu ya nusu, inang'aa kama shilingi mpya. Akapitisha kidole kwenye ile nyeusi.

"Hii ilikufa siku nyingi," akasema. "Leo imezikwa tu."

Akaziba tundu kwa mfuko wa plastiki na kamba ya katani, tope lisiingie. Katika kuifunga ile kamba ndipo aliposema, bila kuniangalia, kwamba aliendesha magari haya miaka kumi na saba kwenye mashamba ya mkonge, huko chini, toka yale ya zamani yenye taa katikati ya grili. Miaka kumi na saba! Mke wangu hakuwahi kunitajia. Nilipomuuliza baadaye akaniambia, "Hukuuliza," na ni kweli.

Tulijaribu kwenda mbele kwa magurudumu ya mbele peke yake. Yalizunguka tu yakitupa tope, maana mchele na masufuria vilikuwa nyuma, na kwenye mpando uzito wote unakimbilia nyuma. Mbele kulikuwa kwepesi kama kichwa cha panzi. Nikasema tushushe mzigo, tubebe kichwani. Kilomita tatu, usiku, magunia mawili. Baba mkwe akatikisa kichwa. "Ligeuze."

Sikuelewa. Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto: ukilipandisha kwa rivasi, mbele ndiko kutakuwa chini, na chini ndiko uzito utakakokwenda. Magurudumu yanayovuta yatakandamizwa na mchele wako mwenyewe.

Tukaliachia kidogokidogo mpaka penye upana, mbele ya kiduka kilichofungwa. Watu walikuwa wameanza kutoka majumbani na kandili, kila mmoja na ushauri wake. Wakalisukuma na kulizungusha mpaka matako ya gari yakaangalia mlimani. Nikaenda kushika usukani. Baba mkwe alikuwa ameshakaa.

"Wewe nenda nyuma na tochi," akasema. "Nyoosha mkono ninapoelekea korongoni."

Nikawa utingo wa baba mkwe wangu. Akavuta kile kirungu chekundu, akatoa kichwa dirishani, na gari likaanza kupanda kinyumenyume, polepole kuliko mtu anayetembea, injini inalia kwa sauti nene isiyobabaika ambayo kwangu haikuwahi kulia hivyo. Hakukanyaga mafuta. Hakugusa klachi ila pale alipokuwa hana budi. "Shafti za mbele ni nyembamba," alinipazia sauti wakati fulani, "ukizitisha zinakatika nazo." Shangazi walikataa kupanda. Walitembea pembeni, mmoja amejifunika sufuria kichwani kwa sababu ya manyunyu, na kila kona walimwita kaka yao kwa jina la utotoni ambalo sikulijua na sitaliandika hapa.

Kilomita tatu zile zilituchukua kama saa mbili. Mara mbili tulisimama kumwagia rejeta maji. Tulipoingia kijijini ilikuwa imefika saa tano usiku, watoto wote macho, wakawa wanatukimbilia na kucheka, gari la harusi linakuja na mgongo. Wapishi walikuwa wameshawasha moto na kukata tamaa. Baba mkwe akalirudisha moja kwa moja uani mpaka mlango wa nyuma ukasimama hatua tatu kutoka mafiga. Wakafungua wakashusha mchele hapohapo. Ukweli ni kwamba hata lingekuwa zima nisingeliegesha vizuri namna ile.

Alizima injini, akanikabidhi ufunguo, akasema ana swala ya Isha inamdai.

Saidi shafti niliipata Tanga siku ya tatu, iliyotumika, na gari nilikaa nalo miaka mingine mitano, likinitia hasara kwa mtindo ule ule. Lakini Jumapili ile lilibaki uani, kuku wakalala chini yake, nami nilikuwa nimekaa mkekani barazani pamoja na wanaume wengine wakati shehe alipomwita walii, mwozeshaji wa bibi harusi. Baba mkwe alitoka ndani na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, kofia nyingine, amenukia udi. Akakaa mbele ya bwana harusi, akaushika mkono wake wa kulia kwa ajili ya kuozesha, na shehe akaanza hotuba. Kwenye kucha za mkono wa baba mkwe, zote tano, kulikuwa na mstari mweusi wa grisi. Aliona nikiangalia. Akakunja kidole gumba kidogo, akaendelea kusikiliza.