Wiki ya 18

Mimba yangu ya pili ilikuwa na wiki 18 nilipoanza kutokwa na majimaji mepesi ya kijivu, yenye harufu kama ya samaki. Kila nikikutana na mume wangu harufu ilizidi. Sikumwambia mtu, hata yeye. Siku tatu nilijiosha ndani kwa sabuni, asubuhi na jioni, na harufu haikukoma. Nilishajiamulia kuwa ni fangasi. Kabatini nilikuwa na vidonge vya kuweka ukeni, masalia ya zamani.

Kilichonizuia kuvitumia ni mwanangu wa kwanza. Alizaliwa njiti, wiki ya 31, na nilikaa naye kifuani, ngozi kwa ngozi, nikihesabu pumzi zake usiku kucha. Nikaenda kliniki.

Mkunga alikuwa mama mtu mzima. Alifunga mlango, akaniuliza bila kupepesa: "Unawashwa?" Hapana. "Mazito, kama maziwa yaliyoganda?" Hapana, mepesi. Akachukua majimaji kwa pamba, akayapaka kwenye kijikaratasi cha kupimia asidi. Rangi ikabadilika: pH zaidi ya 4.5, yaani asidi imepungua. Uke wenye afya, akasema, una asidi, na asidi hiyo inatengenezwa na bakteria wazuri wanaoulinda. Hao wakipungua, wengine hujaa nafasi yao. Hadubini ikathibitisha: ni vajinosisi ya bakteria, yaani bakteria wa ukeni wamepoteza uwiano wao. Hapakuwa na fangasi, kwa hiyo vile vidonge vyangu visingegusa kitu, na sabuni ilikuwa inawafukuza walinzi wenyewe.

Ndipo nikauliza lile lililonileta. "Mama, ndicho kilichomtoa mwanangu wa kwanza mapema?"

Aliweka kalamu chini. "Mwanangu, hilo sijui, na leo hakuna wa kukuambia. Usijibebeshe."

Akanieleza taratibu. Wajawazito wenye maambukizi haya hujifungua kabla ya wiki 37 zaidi ya wenzao. Vijidudu vinaweza kupanda kupita mlango wa kizazi, vikashambulia utando unaomzunguka mtoto na kuamsha uchungu. Lakini wajawazito wasio na dalili walipopimwa na kutibiwa, uzazi wa mapema haukupungua kama watafiti walivyotarajia. "Wewe nakutibu kwa sababu unaumwa. Dawa itaondoa ugonjwa. Kukuahidi kwamba utafika wiki 40, siwezi."

Maneno hayo yaliniuma, kwa kuwa ahadi ndiyo niliyoifuata pale. Leo nayathamini kuliko dawa yenyewe. Angeweza kunidanganya nikatoka nikitabasamu, nami nisingeangalia dalili nyingine yoyote.

Alinipa metronidazoli, miligramu 500 asubuhi na jioni kwa siku 7. Mdomo ulikuwa na ladha ya chuma wiki nzima, nikamaliza zote. Kwa sababu ya historia yangu aliagiza pia mkojo upimwe na mlango wa kizazi ukaguliwe kwa ultrasaundi. Nikiona maji, damu, au tumbo likikaza na kuachia, nije bila kungoja kupambazuke.

Mimba ilipofika mwezi wa saba harufu ilirudi. Safari hii nilimwambia mume wangu jioni ile ile, na asubuhi tulikuwa wote wawili kwenye benchi la kliniki.

Mtoto alizaliwa wiki ya 38. Watu wakiniuliza kama ni dawa iliyomshikilia, nawajibu kama nilivyojibiwa: sijui.