Nyumba Zisizo na Watu: Nilivyotengeneza Data Bandia za Matumizi ya Umeme

Nilikuwa naandika programu ya kukadiria matumizi ya umeme ya siku inayofuata, nyumba kwa nyumba, nikakwama mahali nisipopategemea: data. Niliomba rekodi za mita janja kwa kampuni moja ya umeme, nikanyimwa. Nilinuna, ila nilipotulia nikaona wana haki. Mita inayosoma kila nusu saa hutoa namba 48 kwa siku, 17,520 kwa mwaka, na namba hizo zinamwanika mwenye nyumba: anaamka saa ngapi, amesafiri lini, ana wageni au hana. Hata ukifuta jina lake, mwenendo wenyewe unaweza kumtaja.

Nikaamua kuzibuni. Si kuzitunga kichwani, bali kuionyesha kompyuta data halisi ili nayo itoe nyumba ambazo hazipo, zenye tabia za nyumba zilizopo. Za kufundishia nilizipata kwenye mkusanyiko wa wazi wa London, wenye kaya 5,567 zilizopimwa kila nusu saa kati ya Novemba 2011 na Februari 2014. Kazi ya kuzisafisha sitaisimulia, haina utamu wowote. Niseme tu kwamba kipimo kilichokosekana si sawa na sifuri. Mimi nilivichanganya, nikapata nyumba bandia zinazozima hata friji usiku wa manane.

Nilianza na GAN (generative adversarial network), mbinu ya kutengeneza data bandia iliyoletwa mwaka 2014 na Ian Goodfellow na wenzake. Mitandao miwili ya nyuroni, yaani programu zinazojifunza kwa mifano, hushindana: mmoja unaghushi, mwingine unakagua, na kila mmoja unazidi kuwa mjanja kwa sababu ya mwenzake. Mafunzo yalipokwisha nikachora wastani wa nyumba 1,000 bandia juu ya wastani wa nyumba halisi. Mistari ililaliana kabisa. Siku hiyo nililala kifua mbele.

Kesho yake nikazifungua moja moja. Zote zilikuwa mapacha: mlima mdogo asubuhi, mlima mkubwa jioni, basi. Nani anaishi hivyo? Nyumba ya kweli hukaa kimya, friji ikinguruma na kunyamaza, mara mtu anawasha birika la wati 3,000 kwa dakika tatu, uniti 0.15 zimekwenda, kisha kimya tena. Kuna nyumba ya mtu ambaye nahisi alikuwa wa zamu ya usiku, maana kilele chake kilikuwa saa tisa usiku, watu wote wamelala. Ukizijumlisha nyumba elfu, vurugu hizo humezana na kubaki mlima laini. Modeli yangu ilikuwa imeushika mlima huo na kuugawa kwa kila nyumba. Ni ugonjwa unaojulikana wa GAN: mghushi akishapata sura chache zinazompita mkaguzi, huzirudia hizo hizo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilijaribu pia njia ya kitoto, kukata rekodi halisi siku moja moja na kuzichanganya upya, nayo ikaishinda GAN yangu karibu kila kipimo. Ningeanza na hiyo. Ila haikunifaa, kwa kuwa kila siku iliyomo bado ni siku ya kweli ya mtu wa kweli.

Hali ilianza kubadilika nilipoacha kuwapa mitandao namba ghafi. Vipimo vingi vya umeme ni vidogo mno na vikubwa ni vichache, hivyo modeli huona nafuu kuvipuuza vilele. Nikazigeuza namba kwa logariti, hesabu inayozibana namba kubwa na kuzitanua ndogo. Kisha nikaiambia modeli ni siku gani ya wiki, mwezi gani, nje kuna joto kiasi gani, na nyumba iko kundi gani la matumizi. Mwishowe nikaitupa GAN na kuhamia difyusheni, mbinu iliyoshika kasi kuanzia mwaka 2020: data huchafuliwa kidogo kidogo hadi zibaki kelele tupu, na modeli hujifunza kurudi nyuma, hatua kwa hatua. Inatengeneza polepole, lakini mafunzo yake hayana visirani.

Grafu ya wastani siiamini tena. Sasa natazama vilele vimetawanyika vipi, na kama kipimo cha sasa kinafanana na cha nusu saa 48 zilizopita, au 336, yaani wiki moja. Halafu naifundisha programu yangu kwa data bandia tupu na kuipima kwa data halisi. Hapo ndipo uongo hujulikana.

Ukaguzi wa mwisho ulikuwa wa siri za watu. Kwa kila nyumba bandia nilitafuta nyumba halisi inayoikaribia zaidi, kati ya zilizotumika kufundishia na kati ya zile nilizoificha modeli, nikalinganisha ukaribu huo. Kwa nyumba nyingi tofauti kati ya makundi hayo mawili haikuwa kubwa, dalili kwamba modeli haikunakili. Lakini zile zenye mwenendo wa ajabu modeli ilikuwa imezikariri, kwa kuwa hazikuwa na wenzao wa kuchanganyika nao. Yule wa zamu ya usiku nilimkuta humo, karibu nusu saa kwa nusu saa. Nikamtoa pamoja na wengine wa aina yake, nikafundisha upya. Sasa simwoni tena kwenye data zangu, na nyumba kama yake ndizo programu yangu inazozikosea zaidi.