Gombe kwa boti ya abiria

Wengi hudhani Gombe, hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, ni ya watalii wenye boti za kukodi. Mimi nilipanda boti ya abiria pale mwalo wa Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma. Huondoka mchana kwenda vijiji vya kandokando ya ziwa, na nauli yake ni ndogo mno ukilinganisha na kukodi. Inakwenda polepole, inasimama kila kijiji, na jua la ziwani ni kali. Nilikaa katikati ya magunia na madumu ya mawese. Mama mmoja wa Mwamgongo akanipa upande wa kanga yake: "Jifunike mwanangu, utaungua."

Jambo la kupanga vizuri ni kulala. Boti za kurudi mjini hupita alfajiri, kwa hiyo ukilala usiku mmoja utaondoka hujaingia msituni. Lala siku mbili.

Asubuhi tulipanda na mwongozaji kufuata bonde la Kakombe, barakoa usoni, maana mafua yetu huwaua sokwe. Mlima ni mkali na mizizi inateleza. Buti nzuri ni lazima. Juu ya maporomoko ya maji tukamkuta sokwe jike na mwanawe kwenye kichuguu. Alivunja kijiti, akakipukutisha majani kwa midomo, akakiingiza tunduni taratibu, kisha akakitoa kimejaa mchwa na kukipitisha mdomoni. Mtoto alitazama kila kitendo. Jane Goodall, mtafiti Mwingereza wa sokwe aliyefika hapa mwaka 1960 akiwa na mama yake, aliona jambo hilo hilo, wakati wataalamu wakiamini kuwa ni binadamu peke yake atengenezaye zana. Gombe ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Nilisimama pale mpaka mwongozaji akaniambia muda umekwisha.

Niliporudi Kigoma nilipanda daladala hadi Ujiji, palipo na makumbusho ya Livingstone, mmisionari na mvumbuzi, kwani ndipo Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, alipomkuta mwaka 1871. Ila kwangu Ujiji ni kubwa kuliko Wazungu hao wawili. Hapa ndipo ilipoishia njia ya misafara kutoka Bagamoyo, na watu waliotekwa kuwa watumwa ng'ambo ya ziwa walishushwa ufukweni hapa, wakaanza kutembea kwenda pwani. Ukifika, muulize mwenyeji wako habari za njia hiyo kwanza, Livingstone baadaye.