Mshale wa spidi wa Beetle yangu ulivyoamka

Trafiki mwenye tochi ya kupimia spidi hana habari kwamba gari lako ni la mwaka 1971. Kibao kikisema 50, ni 50. Mimi, mshale wa spidi ukiwa umekufa, nilikuwa nakatiza vijiji vya barabara ya Morogoro kwa kusikiliza injini tu, na injini ya Volkswagen Beetle iko nyuma, inapiga kelele zilezile ukiwa 45 au 65.

Mshale ulianza kwa kuchezacheza, ukiruka huku na huku kama unaogopa kitu, kisha siku moja ukalala kwenye sifuri. Kwenye duka la spea jibu lilikuwa jepesi: "Spidomita imekufa hiyo kaka, chukua nzima." Bei aliyonitajia ilinifanya nirudi kwenye gari niliangalie vizuri. Nikagundua namba za kilomita nazo zimegoma.

Hapo ndipo pa kuanzia. Ndani ya spidomita za aina hii kuna sumaku inayozungushwa na waya. Sumaku haigusi mshale. Inazunguka ndani ya kikombe chepesi cha aluminiamu, inakivuta, na springi nyembamba kama unywele inakirudisha. Namba za kilomita zinaendeshwa na vijigia kutoka mhimili uleule wa sumaku. Kwa hiyo namba zikitembea na mshale umelala, ugonjwa uko ndani ya spidomita. Vikigoma vyote viwili kwa pamoja, kwanza shuku waya au kinachouzungusha.

Kwenye magari mengi ya zamani waya huo unatoka kwenye giaboksi. Beetle ina mambo yake. Waya unapita katikati ya ekseli fupi ya gurudumu la mbele kushoto, ambayo ina tundu, unatokeza nje kwenye kile kikofia cha bati kinachofunika grisi ya beringi. Ncha ya waya ni ya pembe nne, na kikofia kina tundu la pembe nne. Gurudumu likizunguka, kikofia kinazunguka, kinauburuza waya. Basi, hakuna gia hapo katikati.

Nikapiga jeki, nikaweka mawe kwenye magurudumu ya nyuma, nikatoa kapu la gurudumu. Nikalizungusha gurudumu kwa mkono taratibu huku nimeinamisha uso hadi karibu niguse grisi. Kikofia kilizunguka. Ncha ya waya katikati yake ilisimama palepale. Lile tundu lilikuwa limelika hadi kuwa duara, na ukingoni kulikuwa na unga wa chuma uliochanganyika na grisi nyeusi. Nikaikamata ncha kwa koleo, nikaisokota haraka. Mwanangu aliyekuwa amekaa kwenye usukani akapiga kelele, "Baba, umecheza!" Waya mzima, spidomita nzima, na yule wa dukani alitaka kuniuzia spidomita nyingine.

Kikofia chenye tundu ni cha kushoto peke yake. Nilichopata mjini ni vya kulia, vilivyoziba. Nikachukua kimoja, nikampelekea fundi mmoja mzee wa vyuma. Alipima katikati kwa bikari, akatoboa tundu dogo, halafu akakaa na tupa nyembamba akilichonga pembe moja baada ya nyingine, kila mara akijaribisha kipande cha waya wa zamani nilichompa. Tundu likienda upande, aliniambia, waya utapigapiga hadi ukatike. Huku anachonga akanikumbusha kwamba gari la aina hii ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1962, kwa hiyo lisidharauliwe.

Kwa kuwa nilishafika huko, nikautoa na waya. Nati yake unaifikia kwa mbele, kwenye buti, ukishaondoa lile karatasi gumu nyuma ya dashibodi. Ulikuwa mkavu na una kutu upande wa gurudumuni, maana mpira wa kuzuia maji nyuma ya ekseli ulishapasuka. Ule mchezo wa mshale ulianzia hapo. Niliusafisha, nikaupaka grisi nyepesi, ila sehemu ya juu inayoingia kwenye spidomita nikaiacha kavu. Grisi ikipanda humo ndani itanasa kile kikombe, na hapo utanunua spidomita kweli. Nikabadilisha mpira, nikarudisha kikofia na kile kiklipu cha nje kinachoshika ncha ya waya.

Mshale sasa unapanda umetulia. Nikiulinganisha na GPS ya simu, dashibodi ikisema 60 simu inasema 55 hivi. Tairi nilizofunga ni fupi kuliko zile za 5.60-15 za kiwandani, zinazunguka mara nyingi zaidi kwa kilomita moja, na waya unahesabu mizunguko tu. Sijaona haja ya kurekebisha. Kwa barabara ile yenye tochi, afadhali mshale unaozidisha.